Gita la Majuto: Aliyenunua Vibaya, Aweza Kumwuzia Mwenzake?

Wapiga gita wa korali zetu wanauliza swali moja, na mara nyingi wanaliuliza kwa sauti ndogo. Mtu amenunua gita, au ampli, au kifaa kingine cha muziki. Baada ya majuma machache ameona kwamba amenunua vibaya, naye anajuta. Je, ana ruhusa kumwuzia mwingine, apate kurudisha fedha yake?

Wengine watacheka. Watasema: mambo ya gita ni mambo ya vijana, gazeti la Wakristu lina kazi gani nayo? Twajibu: lina kazi. Fedha ile si maji ya mvua. Pengine ni mshahara wa miezi mitatu. Pengine ni fedha ya shirika zima, iliyokusanywa franka kwa franka na kina mama wauzao mihogo na mkaa. Tena swali lenyewe halikomi kwenye gita. Aulizaye juu ya gita auliza pia juu ya baiskeli, juu ya mashine ya kushona, juu ya mbuzi. Lakini sisi tubaki na gita, kwa sababu katika nchi yetu ni vyombo vichache vipendwavyo kama hicho, na penye mapenzi mengi ndipo majuto yanapojaa.

Kwanza yafaa tujue mtu anajuta nini. Maana watu husema “najuta” kwa neno moja, na ndani ya neno hilo mna mambo mbalimbali.

Yako majuto ya kutojua. Tuchukue mfano. Kijana ananunua gita la nyuzi za nailoni, lile lenye shingo pana na sauti tulivu. Gita ni zuri, bei ni nzuri. Anafika nyumbani, anaona sauti yake haifiki mwisho wa kanisa. Rafiki anamshauri: tia nyuzi za chuma. Anazitia. Siku ya kwanza anafurahi sana. Mwezi wa pili uso wa gita umevimba, kile kibao kishikacho nyuzi kimeanza kung’oka, na shingo imepinda kama upinde wa mwindaji. Kwa nini? Nyuzi sita za nailoni zavuta kwa nguvu ya karibu kilo 40. Nyuzi sita za chuma zavuta karibu kilo 70. Gita la nailoni halikujengwa kwa kuubeba mzigo huo: mbao zake za ndani ni nyepesi, na mara nyingi shingoni hamna ule mfupa wa chuma uwekwao katika gita lingine. Ni kama kumpakia punda mzigo wa lori, kisha kumlaumu punda.

Au tumtazame mwingine, mwenye fedha zaidi. Yeye asema: sitaki gita la mbao za kubandikwa, nataka lile la ubao mmoja, kama wanavyopiga Ulaya. Analinunua kwa bei kubwa, analileta Lubumbashi. Lakini kule Katanga, tangu Mei hata Septemba, mvua hainyeshi, na hewa inakauka hata midomo inapasuka. Mafundi wa gita wasema kwamba mbao za namna ile zapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hata 55. Hewa ya kiangazi chetu yashuka chini sana ya hapo. Ubao mmoja unasinyaa, na mwezi wa Agosti gita linapasuka usiku kwa mlio kama wa kijiti kikavu. Lakini lile gita la mbao za kubandikwa, ambalo wajuzi walilidharau, lipo bado, halina neno. Kumbe la bei ndogo limemshinda kaka yake wa bei kubwa! Hapo ile methali isemayo kwamba rahisi ni ghali imepata mtu wa kuijibu.

Hata mambo ya umeme yana mitego yake. Ampli iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani, wa volti 120, mtu akiichomeka katika umeme wetu wa volti 220 bila kifaa cha kuupunguza, ataona moshi kabla ya kusikia sauti. Tena wako wadhanio kwamba ampli ya wati 100 ina sauti mara mbili ya ile ya wati 50, wakalipa bei kwa hesabu hiyo. Si kweli. Tofauti yake ni desibeli 3 tu, nalo sikio laisikia kama nyongeza ndogo. Mtu akitaka masikio yasikie sauti mara mbili, anahitaji nguvu kadiri ya mara kumi. Muuzaji hasemi uongo akitaja wati 100. Anayejidanganya ni mnunuzi kwa hesabu yake mwenyewe.

Je, katika majuto haya mna dhambi? Walimu wetu wa teolojia hutenganisha mambo mawili. Lipo jambo ambalo mtu hakuweza kulijua, hilo halimhukumu. Na lipo jambo ambalo angalilijua kwa kuuliza, lakini hakutaka kuuliza. Sasa, katika paroki gani hakuna hata mzee mmoja aliyepiga gita miaka thelathini? Yupo. Anakaa chini ya mwembe wake, na maneno yake hayana bei. Kijana hakwenda kwake. Kwa nini? Kwa sababu kuuliza ni kuonyesha kwamba hujui, naye alitaka kuingia kanisani siku ya Dominika kama mtu ajuaye. Hiyo si kutojua tena. Hicho ni kiburi kidogo, na kiburi kidogo kina ada yake kama shule.

Majuto ya pili yana mzizi mwingine, ndiyo tamaa. Mnunuzi wa namna hii hakosi kujua. Wakati mwingine ajua kupita kiasi. Kila jioni anatazama picha katika simu yake: gita la rangi hii, pedali ya sauti ile. Mwanamuziki mmoja wa Marekani, Walter Becker, aliyefariki mwaka 2017, aliandika katika miaka ya 1990 juu ya ugonjwa huo, akiwacheka wenzake na nafsi yake pia: mtu ana gita, anatamani la pili, na akilipata, la pili lamwonyesha la tatu. Tangu wakati ule wapiga gita wa nchi nyingi wanautaja ugonjwa huo kwa mzaha. Sisi twaona si mzaha mtupu. Tazameni vema kijana huyo anatamani kitu gani. Amemsikia mpigaji hodari, moyo umeruka. Angependa apige vilevile. Lakini kupiga vilevile kwahitaji miaka kumi, na pedali ile yahitaji dola themanini tu. Basi anachagua dola themanini. Yeye adhani ananunua pedali. Kwa kweli anataka kununua vidole vya mtu mwingine. Ndiyo sababu majuto yake hayamponyi. Anasema, “Pedali hii mbaya,” anatafuta nyingine. Angalisema, “Mimi sijajifunza,” ugonjwa ungalikoma siku ileile.

Mfaransa Diderot, ambaye hakuwa rafiki wa Kanisa, aliandika mwaka 1769 maneno ya kweli juu ya jambo hili. Alikuwa amepewa vazi jipya zuri la kuvaa nyumbani, akatupa lile la zamani. Kumbe vazi jipya likaaibisha kiti chake cha zamani. Akabadili kiti. Kiti kikaaibisha meza, meza ikaaibisha picha za ukutani. Mwisho nyumba nzima imebadilika, mwenyewe ameingia hatari ya anasa, naye alililia vazi lake kuukuu. Sisi twaujua mfano huo kwa sura ya nyumbani. Korali ya kijiji inanunua gita la umeme. Gita la umeme halisemi neno bila ampli: wananunua ampli. Ampli haisemi neno bila umeme, na umeme haujafika kijijini: wananunua mashine ya umeme, ile tuiitayo gurupu. Gurupu haisemi neno bila petroli, na petroli hainunuliwi mara moja ikaisha habari. Yanunuliwa kila Dominika mpaka mwisho wa dunia. Tena gurupu ikisema, inasema kwa nguvu kupita korali, lazima kuiweka mbali nyuma ya nyumba ya misioni, na waya mrefu nao una bei yake. Hivyo walinunua gita moja, wakajikuta na mzigo wa vitu vitano.

Hapo labda mtu atasema: basi katekista anataka turudi kwenye gita la mkebe! Hapana. Tunawaheshimu sana walioanza na mkebe, lakini tusiwasifu kwa uongo. Luambo Makiadi, yule Franco, mtoto wa miaka saba hivi katika soko la Ngiri-Ngiri, Kinshasa, ambako mama yake aliuza maandazi, alijitengenezea gita kwa mkebe na nyaya za umeme zilizochunwa. Ni kweli, na ni ajabu. Lakini Franco hakukaa na mkebe. Alipopata gita la kweli alilishika kwa mikono miwili. Umaskini wa chombo si fadhila. Gita baya, lile ambalo nyuzi zake zimekaa juu sana ya shingo, linaumiza vidole vya mtoto mpaka damu, naye mtoto adhani ni yeye asiyefaa, anaacha muziki kabisa. Tunadhani vipaji vingi vimezikwa hivyo. Kumnunulia mtoto wa namna hiyo gita jema ni tendo la haki, na asiambiwe kwamba ni tamaa.

Tunachotaka kusema ni kingine: chombo kinafuata kazi, kazi haifuati chombo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimkuta Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akashika sauti yake katika mashine. Mlikuwa na nini? Gita moja lisilo la umeme, sauti ya mtu mmoja, kidole gumba na kidole cha shahada. Wimbo wake “Masanga” ulisikika hata Ulaya, na wapiga gita wa huko mpaka leo wanaketi kuhesabu vidole vile viwili vilifanyaje kazi ya watu wawili. Na wapigaji wa orkestra zetu, walipotaka sauti nyembamba ya kukaa kati ya gita la kwanza na lile la kusindikiza, walifanya nini? Waliondoa uzi wa nne, wakatia mahali pake uzi mwembamba, wakaupandisha sauti oktava nzima. Wakaiita mi-composé. Sauti mpya kabisa, ambayo mgeni aisikiapo ajua mara moja kwamba ni Kongo, ilipatikana kwa bei ya uzi mmoja. Walijua kwanza sauti waitakayo, ndipo wakatafuta kitu. Kijana wa pedali alianza na kitu, sasa anakizungushia vifungo, akingoja kimwambie sauti gani aitake.

Turudi kwenye korali, kwa sababu huko ndiko majuto yanakotia uchungu zaidi. Zamani Kanisa lilikuwa kali katika mambo ya vyombo: mwaka 1903 Papa Pio X alikataza kinanda cha piano na ngoma za kelele kanisani. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ukafungua mlango kwa vyombo vya kila taifa, vikistahili mahali patakatifu na kuwasaidia waamini kusali. Tunamshukuru Mungu kwa mlango huo. Lakini tukumbuke pia kwamba Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 na watoto na walimu waliokusanywa na padri Guido Haazen, ambayo ulimwengu mzima uliisikia, haina gita hata moja. Ni sauti za watu na ngoma. Hatusemi neno hili ili tufukuze gita. Twasema ili kiongozi wa korali asisimame mbele ya Wakristu na kusema, “Bila ampli hatuwezi kumwimbia Mungu.” Neno hilo si kweli, na fedha inayoombwa kwa neno lisilo kweli imeombwa vibaya.

Basi tuseme fedha imeombwa, kitu kimenunuliwa, nacho hakifai. Tumeona linalofuata mara nyingi. Hakuna asemaye. Kamati inajua, mpigaji anajua, hata padri anahisi. Lakini kusema ni kumwaibisha aliyekwenda mjini na fedha. Kwa hiyo wananunua kifaa kingine cha kukisaidia kile cha kwanza. Bafle inakoroma: nunueni bafle nyingine. Kumbe iliyokoroma ni ampli. Majuto yaliyofichwa hayalali. Yanazaa ununuzi mwingine. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Twaongeza kwamba mjukuu huyo akinyimwa kiti barazani, ataingia jikoni na kula chakula cha wote. Yesu katika Injili ya Luka alimtaja mtu ajengaye mnara, aketiye kwanza kuhesabu gharama. Watu hufikiri neno lile lafaa kabla ya kujenga tu. Lafaa hata katikati ya ujenzi, siku ile mtu aonapo kwamba mawe hayatoshi. Aketi. Ahesabu tena, mbele ya wenye mali. Kina mama wa mihogo watanung’unika siku moja. Wakijua baadaye kwamba walifichwa, watanung’unika miaka, na watakuwa na haki.

Sasa tumefika penye swali lenyewe: kuuza.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliliuliza karibu kama wapiga gita wetu. Katika Summa, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 77, anauliza kama muuzaji anapaswa kusema kasoro ya kitu anachouza. Kabla ya kujibu anamtaja Mtakatifu Ambrosio, ambaye alifundisha kwamba kasoro ya kitu lazima itajwe. Kisha anatenganisha. Ipo kasoro iliyo wazi: anatoa mfano wa farasi mwenye jicho moja. Mnunuzi ana macho yake mawili, anaona. Hapo muuzaji, akipunguza bei kama ipasavyo, halazimiki kupiga mbiu juu ya lile jicho. Lakini kasoro ikiwa imefichika, na ikiweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji anyamazaye anatenda dhambi, naye anapaswa kulipa hasara.

Tupeleke neno hili kwenye gita. Gita lenye tundu ubavuni ni farasi wa jicho moja. Kila mtu aliona. Lakini gita ambalo uso wake ulipasuka, likatiwa gundi na kupakwa rangi, je? Au lile lenye shingo iliyopinda kidogo, ambalo halijulikani mpaka mtu apige sauti za juu na kusikia zimepotoka? Au ampli inayofanya kazi vizuri dakika kumi, kisha inazimika ikipata moto, na muuzaji ahakikisha kuijaribisha dakika tano tu? Hizo ni kasoro za gizani. Anyamazaye hapo amemwuzia mwenzake mbuzi ndani ya gunia.

Twajua majibu ya watu. Wa kwanza asema: “Mimi nami nilidanganywa. Nani alinihurumia?” Ndugu, ulidanganywa, ni kweli, na aliyekudanganya anakuwia deni. Nenda kwake ukadai. Lakini huyu mnunuzi mpya hana deni kwako. Wampokonya mtu wa Kipushi ili kulipa wizi wa mtu wa Kolwezi? Ukifanya hivyo, yule wa kwanza amekushinda mara mbili: amekutwaa fedha, kisha amekufanya mtumishi wa biashara yake.

Wa pili asema: “Nikisema kasoro, hakuna atakayenunua.” Hilo nalo Mtakatifu Thomas alilisikia. Anajibu kwamba hakuna haja ya kumtuma mpiga mbiu sokoni kutangaza kasoro. Hapo watu wangekimbia hata kama kitu kinafaa kwa kazi nyingine. Inatosha kumwambia kila mmoja ajaye kununua, naye apime mwenyewe mema na mabaya ya kile kitu. Tena mara nyingi atapatikana mtu. Ampli izimikayo yamfaa fundi anayetafuta vipande. Gita la shingo mbaya lamfaa mtoto ajifunzaye sauti za chini tu, kwa bei ya gita la sauti za chini tu.

Wa tatu ana swali gumu zaidi, nasi tunampenda kwa sababu ameuliza vema. Yeye asema: “Gita langu halina kasoro yoyote. Ni mimi lisiyenifaa. Je, nipunguze bei?” Hapana, hulazimiki. Majuto yako si kasoro ya gita. Lile gita la nailoni, kama hujalitia nyuzi za chuma, ni jema kwa mtu apigaye chumbani. Liuze kwa bei yake na ulale usingizi. Wako watu wenye dhamiri iliyojaa hofu, wanaochanganya uchungu wao na ubaya wa kitu, wakauza kwa nusu ya bei kama kwamba kuuza ni kuungama. Haifai. Lakini mnunuzi akisema, “Nataka la kupigia kanisani bila ampli,” basi hapo umejua kwamba litamsumbua kama lilivyokusumbua wewe. Ukinyamaza sasa, kasoro haimo ndani ya gita. Imo katikati yenu wawili, nawe peke yako waiona. Sisi twadhani lazima kusema.

Tuendelee kidogo. Cicero wa Roma, mwaka 44 kabla ya Kristu, alisimulia mabishano ya wenye hekima wawili. Mfanyabiashara ameleta nafaka toka Aleksandria hata kisiwa cha Rhodes, ambako njaa imepandisha bei. Yeye ameona baharini merikebu nyingine zinakuja na nafaka. Awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze na kuuza ghali? Mmoja alisema anyamaze, sheria haimlazimishi. Wa pili alisema aseme, kwa sababu wanadamu ni jamii moja. Cicero alikuwa upande wa kusema. Mtakatifu Thomas, katika swali lilelile, alisema kwamba kwa haki tupu halazimiki, kwa maana merikebu zile bado ni jambo la kesho. Lakini akisema, au akipunguza bei, amekuwa na fadhila zaidi. Jambo hili si la kale. Mtu wa mjini ajua kwamba mwezi ujao dukani yataingia magita mapya ya bei ndogo. Leo anaharakisha kumwuzia mtu wa kijijini gita lake la zamani kwa bei ya leo. Hatumwiti mwizi. Lakini mtu wa kijijini akija mjini mwezi ujao, akasimama mbele ya duka lile, hatatusikiliza tukimweleza maneno ya haki tupu na fadhila. Ataona tu kwamba ndugu yake wa korali alijua.

Imebaki habari moja ambayo wachache huiuliza, kwa sababu wengi wetu tunajifikiri upande wa mdanganywa. Waulizeni wapiga gita wazee ni kitu gani wanajutia zaidi. Wengi hawatataja kitu walichonunua. Watataja kitu walichouza, kwa sababu ya ugonjwa, kwa sababu ya karo ya watoto, na waliyemwuzia alijua thamani yake kupita wao.

Tuwaze mjane. Mume wake alipiga gita miaka mingi, amefariki, gita limetundikwa ukutani na vumbi juu yake. Matanga yamekwisha, madeni hayajakwisha. Anakuja mpiga gita kijana, analitazama, anaona ni gita bora sana la zamani, lenye thamani mara kumi ya yale ya sokoni. Mjane asema, “Nipe dola ishirini, baba.” Kijana afanyeje? Wengi watasema: ametaja bei mwenyewe, hakuna uongo uliosemwa. Lakini Mtakatifu Thomas, palepale katika swali la 77, anatoa mfano wa mtu auzaye dhahabu akidhani ni shaba. Mnunuzi ajuaye kwamba ni dhahabu, akilipa bei ya shaba, amenunua kwa udhalimu, na anapaswa kurudisha. Neno ni lilelile lililomfunga muuzaji. Sasa limemfunga mnunuzi. Na yeyote aliyeuza au kununua bila kujua, hana dhambi siku ile. Lakini siku atakapojua, anapaswa kumrudia mwenzake.

Labda kijana yule hana fedha ya kutosha. Dola ishirini ndizo zote alizo nazo. Aseme tu: “Mama, gita hili lina thamani kubwa, mimi siwezi kulilipa. Usimpe mtu kwa bei hiyo.” Akisema hivyo, huenda atatoka mikono mitupu, na mwingine mwenye fedha atalichukua kwa haki. Au huenda mama atalitazama lile gita, atamtazama yeye, atafikiri marehemu angependa nani alishike, na atasema, “Lete hizo ishirini.” Hapo amejua anachotoa. Si shaba tena wala si udanganyifu. Ni zawadi, na kijana na aichukue, alipe ishirini zake, atie nyuzi mpya kabla ya Dominika.